Umeme ukikatika katikati ya sebene, orkestra inafanya nini?

Kila mkaaji wa Lubumbashi anajua ile dakika. Orkestra imeingia mu sebene, wamama wamesimama na vitambaa mkononi, kisha SNEL inakata. Gitaa zinanyamaza, sinte inakufa. Iwe ku sherehe ya hoteli ya Karavia kandokando ya ziwa, ao mu parseli moja ya Katuba, wageni wanatoa "oooh" moja kubwa. Lakini sikiliza vizuri: kama wanamuziki wana uzoefu, ngoma hazinyamazi.

Hiyo si bahati. Bateri, maraka na koo la mtu havihitaji umeme. Mpiga ngoma anashika mwendo uleule, atalaku anaita majina ya watu, na wageni wanaendelea kucheza paka vile. Maraka yenyewe, ile iliyotoka mu kopo la dawa ya wadudu, iliingia mu muziki wetu na Zaiko Langa Langa mwanzoni mwa miaka ya 1980, na mpaka leo inaokoa sherehe nyingi kuliko grupu ya petroli.

Hatari kubwa ni wakati umeme unarudi. Unarudi na nguvu isiyo sawa, na kama ampli zimebaki zimewashwa, bafle zinapiga "pum" na zinaweza kuungua. Mtu wa sono anayejua kazi anakimbilia kwanza kuzima ampli, anangoja umeme utulie, ndipo anafungua sauti polepole. Sinte nayo inahitaji muda kidogo ya kuamka, na mara nyingi inaamka na sauti nyingine, si ile iliyokuwa imechaguliwa. Mpiga sinte asiingie haraka.

Kisha kuna nyuzi. Wazee wa Katanga walipiga peke yao: Jean-Bosco Mwenda alirekodiwa na Hugh Tracey ku Jadotville, leo Likasi, mu 1952, na gitaa moja kavu, besi na sauti ya juu ndani ya vidole vilevile. Uzi ukikatika, hapakuwa na mtu wa kumfunika. Orkestra za sasa zimegawanya kazi kati ya akompa, mi-solo, solo na besi. Uzi wa solo ukikatika, mi-solo anapanda na kuchukua maneno yake, na watu wengi hawatambui kitu. Lakini angalia gitaa yako: zile zenye daraja la kuchezacheza, uzi moja ukitoka, resora zinavuta daraja na nyuzi tano zinazobaki zote zinapanda sauti. Hapo hakuna ujanja, chukua gitaa ingine. Kwa bendi isiyo na pesa nyingi, daraja lililokazwa ni bora. Na mu Juni na Julai, baridi ya usiku inakaza nyuzi: ukipatanisha gitaa ndani ya nyumba kisha ukatoka nje, utakuwa juu ya wenzako. Patanisha palepale utakapopigia.

Haya yote yanafunikwa, na watu wanacheka. Mengine hayafunikwi.

Mikro inayopiga mdomo umeme, kwa mfano. Vijana wengi wanaizoea, wanasema "inachoma kidogo tu". Ni alama kwamba sono haina waya wa kwenda mu udongo. Ukishika nyuzi za gitaa na midomo ikagusa mikro, mwili wako njo unakuwa njia. Mu 1972, ku Swansea, Uingereza, mpiga gitaa Les Harvey wa bendi Stone the Crows alikufa jukwaani kwa namna hiyo. Mu mvua ya Januari, na jukwaa la mbao zilizolowa, sisi tuko karibu sana na jambo hilo. Mikro ikichoma, simamisha wimbo, hata kama bwana harusi anakunja uso.

Wanamuziki wanafundishwa kinyume: usisimame. Alfajiri ya 24 Aprili 2016, ku festivali ya FEMUA, Abidjan, Papa Wemba, mwenye miaka 66, alianguka nyuma ya wachezaji wake. Kwa muda mfupi wao waliendelea kucheza, juu walikuwa wamemgeuzia mgongo. Hawakukosea, walifanya vile kazi inavyotaka. Lakini ndiyo sababu orkestra inafaa kupatana alama moja ya kusimama kabisa, mikono miwili iliyokingamana juu ya kichwa kwa mfano, na ngoma njo zinyamaze kwanza. Ngoma ikinyamaza, wote wanageuka.

Tena kuna kile mwimbaji hawezi kuona. Tarehe 29 Oktoba 2022, ku Stade des Martyrs, Kinshasa, watu 11 walikufa mu msongamano wa konseri ya Fally Ipupa, polisi wakiwa kati yao. Aliye jukwaani, taa machoni, hajui kinachotokea ku mlango. Lazima kuwe mtu mwingine mwenye haki ya kukata. Mu ndoa zetu, mtu huyo anaweza kuwa yule wa sono, juu yeye anasimama mbali na anaona jukwaa pamoja na kiwanja. Apewe tu ruhusa mbele ya sherehe kuanza, asihitaji kwenda kutafuta mwenye ndoa katikati ya watu.