Commodore 64: Ala Iliyongoja Mpigaji

Mwaka 2022, Linus Åkesson, mwanamuziki na mwandishi wa programu kutoka Uswidi, aliuonyesha ulimwengu ala aliyoiita Commodordion. Ni kompyuta mbili za Commodore 64, moja kila mkono, zilizounganishwa kwa mvukuto uliotengenezwa kwa disketi za inchi 5.25 zilizobandikwa kwa utepe. Mkono wa kulia hupiga melodi, wa kushoto besi na noti za kuisindikiza, huku mvukuto ukivutwa na kusukumwa. Wapiga kodiani wa taarab wa Unguja wangeielewa kazi hiyo bila maelezo.

Wengi waliicheka. Mimi naiona ni jibu zuri kuliko yote niliyoyaona kwa swali zito: kompyuta ya nyumbani ya miaka ya 1980 inapungukiwa nini hata isiitwe ala ya muziki?

Haipungukiwi sauti. Commodore 64 ilipoingia madukani mwaka 1982, ndani yake mlikuwa na chipu iitwayo SID, kazi ya mhandisi Mmarekani Bob Yannes. Yannes alipenda muziki wa kielektroniki, na hakuridhishwa na chipu za sauti za wakati ule, ambazo aliona zimebuniwa na watu wasioujua muziki. Kwa hiyo alichonga sintesaiza na kuitia ndani ya kompyuta. Ina sauti tatu, na kila moja huchagua umbo la wimbi lake: pembetatu, meno ya msumeno, mraba unaoweza kupanuliwa au kubanwa, au mvumo usio na noti, ambao watunzi waliutumia kutengenezea ngoma. Kila sauti ina mpangilio wake wa jinsi noti inavyopanda, inavyoshuka, inavyotulia na inavyofifia. Juu ya hayo kuna kichujio cha kukata masafa ya juu, ya chini au yote mawili. Baadaye Yannes alishiriki kuanzisha kampuni ya Ensoniq, iliyotengeneza vinanda vya umeme, na hilo halishangazi.

Chipu hii huamriwa kwa kuandika namba katika anwani za kumbukumbu. Kwenye mashine ya Ulaya, iwashe kisha andika amri hizi tano:

POKE 54296,15
POKE 54278,240
POKE 54272,69
POKE 54273,29
POKE 54276,33

Ya kwanza inafungua sauti hadi mwisho. Ya pili inaiambia noti isimame bila kufifia. Ya tatu na ya nne kwa pamoja ni namba 7493, yaani hezi 440, noti ambayo bendi nyingi hutumia kulinganishia ala. Ya tano inachagua meno ya msumeno na kufungua mlango; hapo noti inalia mpaka uandike 32 badala ya 33. Fanya vivyo hivyo kwenye mashine ya Marekani na utapata karibu hezi 457, kwa sababu saa yake ya ndani inakwenda kasi zaidi. Anayetaka kupiga pamoja na gitaa lazima alijue hilo mapema.

Tatizo linaanzia vidoleni. Kitufe cha kompyuta kinajua mambo mawili tu, kimebonyezwa au hakijabonyezwa. Ukikigusa taratibu au ukikipiga kwa nguvu, kwake ni sawasawa. Tena vitufe vimefungwa nyaya kwa safu na mistari, kiasi kwamba ukishika vitatu vilivyo kwenye pembe tatu za mstatili, kompyuta huona na cha nne ambacho hukukigusa. Mwandishi wa programu ya kupigia muziki hana budi kuvitambua vitufe hivyo hewa na kuvipuuza, la sivyo noti ngeni zitaingia katikati ya wimbo.

Hapa ndipo kazi ya Åkesson inaponivutia. Aligundua kwamba safu za vitufe vya kompyuta, zilivyopandishana kwa mshazari, zinafanana na za kodiani ya vitufe, akazipangia noti kwa utaratibu huohuo. Mwaka 2021 aliijenga Sixtyforgan, Commodore 64 yenye springi za kuipa sauti mwangwi. Ila nguvu ya mkono bado haikuwa na pa kupitia. Mvukuto wa disketi ukaifungulia njia: hewa inapita kwenye tundu, maikrofoni inasikiliza mvumo wake, na ukubwa wa mvumo huo unaamua muziki utoke kwa nguvu kiasi gani. Sasa mpigaji anaweza kuinyanyua noti ikiwa tayari inalia. Kwangu, siku kompyuta ilipopata pumzi ndiyo siku ilipokuwa ala.

Anayetaka kujaribu aanze na kifaa cha kuipa kompyuta umeme. Vile vya asili huzeeka, na vingine hupeleka zaidi ya volti 5 zinazotakiwa na kuunguza chipu kabla hujapiga hata noti moja. Nunua kipya kilichotengenezwa kwa kazi hiyo. Angalia pia namba iliyoandikwa juu ya SID. 6581 inatumia volti 12, na 8580, iliyokuja baadaye, volti 9, kwa hiyo usiweke moja mahali pa nyingine. Hata sauti zao hazilingani. Kichujio cha 6581 hutofautiana kati ya chipu na chipu, hivyo wimbo mmoja unaweza kusikika mzito kwenye mashine hii na mkavu kwenye ile ya jirani.

Wapo wanaozing'oa SID kwenye kompyuta nzima ili wazitie katika masanduku ya muziki. Naliona jambo hilo kuwa ni hasara kubwa. Commodore ilifilisika mwaka 1994 na chipu hizo hazitengenezwi tena, ilhali mbadala za kisasa kama ARMSID na FPGASID zinapatikana na zinamtosha kabisa mtu anayejenga sanduku. Kompyuta inayowaka ibaki na chipu yake, na vitufe vyake vipigwe.