Zana Bora ni Ile Unayoweza Kuihama

Ijumaa, saa kumi na moja jioni, ujumbe unaingia kwenye kundi la WhatsApp la ofisi: "Nimeshapandisha, jaribuni." Katika ofisi nyingi ndogo za programu huo ndio ukaguzi wote. Msimbo umetoka kwenye kompyuta ya mtu mmoja ukaenda moja kwa moja kwenye seva, na kilichovunjika atakigundua mteja Jumamosi asubuhi, aliyepandisha akiwa harusini Monduli na simu imeisha chaji.

Tuseme ni vijana wanne waliopanga vyumba viwili Kisongo, kando ya barabara ya Dodoma, si mbali na uwanja wa ndege wa Arusha. Wateja wao ni kampuni za utalii. Mfumo wanaouuza unapokea oda za wageni, unahesabu viti vya ndege ndogo zinazoruka kutoka hapo kwenda Serengeti, unatunza namba za malipo ya serikali kwa ajili ya ada za hifadhi, unaandaa risiti za TRA. Julai, msimu ukiwa umepamba moto, kosa dogo katika hesabu ya tarehe linatosha kuuza kiti kimoja kwa watu wawili, na wote wawili wakafika Kisongo na mabegi yao.

Dawa ya ugonjwa huu ina zaidi ya miaka ishirini, na mafundi huiita kwa kifupi CI/CD. Kila anayebadilisha msimbo anaupeleka kwenye ghala moja la pamoja. Hapo mashine inauchukua, inaijenga programu upya kuanzia mwanzo, inaendesha majaribio yote yaliyoandikwa, na lolote likishindwa inamtaja mhusika mbele ya wenzake. Majaribio yakipita, mashine hiyohiyo inaipeleka programu kwenye seva kwa hatua zilezile za jana na juzi. Haichoki, haimwonei aibu bosi, wala haina harusi ya kuwahi.

Wazo hilo lilienezwa na Kent Beck na wenzake mwishoni mwa miaka ya 1990. Mwaka 2001 kampuni ya ThoughtWorks ikatoa CruiseControl, moja ya zana za mwanzo zilizoenea kwa kazi hiyo. Mwaka 2004 Kohsuke Kawaguchi, akiwa Sun Microsystems, alianza kuandika Hudson, zana nyingine ya aina hiyo. Kampuni ya Oracle ilipoinunua Sun ukazuka ugomvi wa jina, na mwaka 2011 wanajumuiya wa Hudson wakaondoka na msimbo wao na kuuita Jenkins. Hadi leo Jenkins inafanya kazi katika ofisi zisizo na hesabu.

Anayedhani huu ni urembo wa kampuni kubwa aangalie yaliyoikuta Knight Capital ya Marekani, dalali wa hisa, Agosti 1, 2012. Msimbo mpya ulitakiwa kuwekwa kwenye seva nane. Ulinakiliwa kwa mkono, ukafika kwenye saba, na hakuna mtu wa pili aliyekagua. Ile ya nane iliamsha kipande cha msimbo wa zamani ambacho kilikuwa hakitumiki tena. Ndani ya dakika 45 kampuni ilikuwa imepoteza zaidi ya dola milioni 440. Kosa hilo halikuhitaji ujinga wowote. Lilihitaji tu mkono wa binadamu na siku yenye kazi nyingi.

Afrika Mashariki nayo ina historia yake hapa. OpenMRS, programu huria ya kumbukumbu za wagonjwa, ilianza kutumika Eldoret, Kenya, mwaka 2006, kisha ikasambaa nchi nyingi. Wachangiaji wake wametawanyika duniani, na kwa miaka mingi msimbo wao ulikaguliwa na Bamboo, zana ya kampuni ya Atlassian. OpenLMIS, mfumo wa kufuatilia dawa kutoka bohari hadi zahanati, ulizaliwa kwa mahitaji ya Tanzania na Zambia, na mikono ya ThoughtWorks ilikuwa ndani yake. Matoleo yake ya baadaye yalipitia Jenkins. Mradi wa aina hiyo hauwezi kumtegemea mtu mmoja anayejua seva iko wapi, kwa sababu mtu huyo huenda amelala upande wa pili wa dunia.

Sasa vijana wetu wachague ipi? Ukiwauliza mafundi watakuletea jedwali refu la sifa. Mimi naona jedwali hilo linapotosha. Zana kubwa zote, iwe GitHub Actions, GitLab, CircleCI au Jenkins, zinaweza kufanya zaidi ya mahitaji ya watu wanne. Wanaochagua kwa wingi wa sifa wananunua lori la kubebea kilo mbili za nyanya. Swali lenye uzito ni jingine: kazi ifanyike kwenye mashine ya nani, na mwenye mashine akibadili mawazo utafanyaje?

Tuanze na mtandao. Wengi husema kwamba kwa kuwa intaneti yetu inayumba, mashine ya kukagua iwekwe ofisini. Hesabu inakataa. Kujenga programu ya simu za Android kutoka mwanzo hupakua maktaba za mamia ya megabaiti, wakati mwingine gigabaiti kadhaa. Ukijengea ofisini, bando ni lako. Ukijengea kwenye mashine za GitHub, ghala la msimbo la mtandaoni, upakuaji unafanyika kwenye kituo chao cha data. Kinachopita kwenye modemu yako ni mistari michache uliyobadilisha. Umeme ukikatika Kisongo, kazi kule inaendelea, na jibu utalikuta kwenye simu. Kwa timu yenye mtandao dhaifu, wingu, yaani mashine za watu wengine mtandaoni, ndilo lenye unafuu.

Lakini kuna siku ambazo wingu halifikiki kabisa. Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika upande wa kusini mwa Afrika, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Kwa siku kadhaa mtandao ulikuwa wa kubahatisha. Timu iliyokuwa imefunga njia yake yote ya kupeleka programu kwenye seva za ng'ambo ilikaa ikitazama duara linazunguka, hata kama seva ya mteja wake ilikuwa Njiro, hapahapa Arusha. Arusha ina kituo chake cha kubadilishana mawasiliano ya intaneti, AIXP, kinachowezesha watoa huduma wa hapa kupitishiana mawasiliano bila kuzunguka nje ya nchi. Ni hazina ambayo wauza programu wengi hawaikumbuki hadi nyaya zikatike.

Njia ya kati ipo. GitHub na GitLab zote zinaruhusu kuweka wakala kwenye mashine yako mwenyewe: programu ndogo inayouliza makao makuu kama kuna kazi, inaichukua, inaifanya, inarudisha jibu. Kwa kuwa ni wakala anayepiga hodi nje, huhitaji anwani ya kudumu ya intaneti wala kufungua mlango kwenye ruta. Modemu ya laini ya simu inatosha. Maktaba zilizopakuliwa jana zinabaki kwenye diski yake. Hivyo ujenzi mzito uende wingu, na hatua ya mwisho ya kupeleka kwa mteja ifanywe na wakala aliye ofisini. Anayetaka kila kitu kiwe chake anaweza kuweka Gitea, ghala la msimbo la kujiwekea mwenyewe, ambalo ni jepesi kiasi cha kutosheka na kompyuta ya zamani, na tangu 2023 lina mfumo wa kazi unaofanana na wa GitHub.

Bei nazo hazikai. Travis CI, zana iliyoanzia Berlin, ilikuwa kipenzi cha miradi huria kwa sababu haikuwatoza. Januari 2019 ikanunuliwa na kampuni ya Idera, Novemba 2020 masharti yakabadilika, na miradi mingi ikahama mbiombio. Mwaka huohuo GitLab ilishusha dakika za bure kutoka 2,000 hadi 400 kwa mwezi. Atlassian iliacha kuuza leseni mpya za seva Februari 2021 na kukoma kuzihudumia Februari 2024. Desemba 2025 GitHub ilitangaza kuwa itatoza hata dakika za mashine ya mteja mwenyewe, kisha ikaahirisha baada ya watumiaji kupiga kelele. Hakuna aliyevunja sheria hapo. Ni biashara.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa vijana wa Kisongo ni huu. Chukueni zana iliyo palepale msimbo wenu ulipo, bila kuumiza kichwa. Kisha hatua zote za kujenga, kujaribu na kupeleka ziandikwe kwenye skripti zenu wenyewe, ndani ya ghala lenu, na faili la maelekezo ya zana lisiwe na kazi ila kuziita skripti hizo. Siku waya umekatika, mmoja wenu anaendesha skripti ileile kwa mkono. Siku bei imepanda, mnahama kwa alasiri moja. Timu nyingi hufanya kinyume: hujaza mistari mia tatu kwenye lugha ya zana moja, kisha hulalamika kwamba zimefungwa.

Jenkins siwapendekezei, pamoja na heshima zote. Ni ya bure na ina nyongeza zaidi ya elfu moja, lakini inataka mlezi. Januari 2024 lilitangazwa tundu la usalama lililomwezesha mtu wa nje kusoma mafaili ya seva yake, na ambao hawakuweka kiraka walibaki wazi. Kwa watu wanne, mlezi huwa ni yule mmoja anayejua, na huyo ndiye kampuni za Dar es Salaam humchukua kwanza.

Kinachobaki ni siri. Ili ipeleke programu, zana lazima ipewe nywila za seva, na nywila zikishakaa kwa mwingine usalama wake ndio usalama wako. Januari 2023 CircleCI iliwaambia wateja wake wote wabadilishe kila siri waliyoihifadhi humo, baada ya virusi kuingia kwenye kompyuta ya mhandisi wake mmoja. Wakala wa ofisini anasaidia hapa pia, kwa sababu nywila ya seva ya mteja inaweza isitoke Kisongo kabisa. Taarifa za wageni nazo zina sheria yake: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inatumika tangu Mei 2023, nayo inaweka masharti ya kusafirisha taarifa nje ya nchi. Anayenakili hifadhidata halisi ya mteja ili majaribio yaendeshwe kwenye mashine za ng'ambo anasafirisha majina, pasipoti na namba za simu za watu bila hata kufikiri. Wageni wa majaribio wawe wa kubuni, kuanzia jina hadi tarehe ya kuruka.