Istilahi za Breki na Uvungu wa Gurudumu: Neno "Mafuta" Halitoshi

Mfasiri apewapo kitabu cha maelekezo ya gari, kwanza huogopa majina ya vyuma. Lakini majina hayo ataambiwa na fundi yeyote. Taabu kubwa zaidi imo katika maneno ya kila siku, ambayo kila mtu hudhani anayafahamu. Makala haya yanaitazama kazi moja ndogo, yaani kusafisha na kuhifadhi sehemu zilizo nyuma ya gurudumu, ili kuonyesha jinsi neno "mafuta" liwezavyo kumpoteza msomaji na kuharibu breki.

Mfano wetu ni Ufipa, mkoani Rukwa. Mji wa Sumbawanga upo katika uwanda wa juu, kiasi cha mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Ziwa Rukwa, lililo upande wa mashariki, lipo kiasi cha mita 800. Kati ya uwanda na bonde umesimama ukingo wa Lyamba lya Mfipa, na gari litokalo Sumbawanga kupitia Ntendo kwenda Muze hapana budi liuteremke. Gari la tani 2 likishuka mita 1,000 huachia nishati iwezayo kuchemsha lita 60 hivi za maji yaliyokuwa na joto la nyuzi 20. Dereva asiyeiachia injini kazi ya kulizuia gari huigeuza sehemu kubwa ya nishati hiyo kuwa joto ndani ya breki. Barabara kuu ya Tunduma hadi Sumbawanga iliwekwa lami katika miaka ya 2010, lakini njia nyingi za vijijini ni za udongo. Masika huleta matope na kiangazi huleta vumbi. Mwenye gari la mashindano husafisha sehemu hizi apate kuring'arisha gari lake. Dereva wa Ufipa huzisafisha apate kufika salama.

Sehemu zenyewe

Nafasi iliyo juu ya tairi, chini ya bodi, haina jina moja lililokubalika. Wengine husema "madigadi", lakini madigadi ni bati au plastiki izuiayo matope, wala si nafasi yenyewe. Tunapendekeza "uvungu wa gurudumu". Kila mtu aujua uvungu wa kitanda: ni mahali pa chini pasipoonekana, pakusanyapo taka. Maana hiyo inaafiki kabisa.

Ndani ya gurudumu imo diski, sahani ya chuma izungukayo pamoja na tairi. Diski hubanwa na pedi mbili, na pedi husukumwa na pistoni zilizomo katika chuma kiitwacho kalipa. Yupo atakayeuliza kwa nini tusiseme "kibano", neno la Kiswahili lenye kueleweka. Ni kweli kwamba desturi ya kuunda istilahi hututaka tuanze na Kiswahili chenyewe, kisha lugha za Kibantu, ndipo tukope kwingine. Lakini neno lililokwisha kushika katika karakana lina haki yake. Fundi akisoma "kibano" atatafuta kifaa cha kushikia kitu mezani. Tatizo la "kalipa" ni jingine: kipo pia kifaa cha kupimia unene chenye jina hilo. Kwa hiyo katika maandishi tuseme "kalipa ya breki" na "kalipa ya kupimia".

Kazi yenyewe

Kwanza, breki ziachwe zipoe. Maji baridi yamwagwapo juu ya diski iliyotoka mteremkoni huweza kuipinda au kuipasua. Gari lisimame mahali tambarare, magurudumu yawekewe vizuizi, nati zilegezwe, kisha gari liinuliwe na kukalishwa juu ya stendi imara. Jeki peke yake haitoshi. Matope makavu ya uvunguni yaloweshwe kabla ya kukwanguliwa, na vitundu vya kutolea maji vizibuliwe, kwa kuwa matope yaliyoziba hutunza unyevu, na unyevu huzaa kutu. Vumbi la breki lisipulizwe kwa upepo wala kwa kinywa, kwani breki za zamani zilikuwa na asbesto, ambayo hudhuru mapafu; lilowanishwe na kupanguswa. Kalipa ioshwe kwa sabuni laini na brashi, na maji yenye msukumo mkubwa yasielekezwe kwenye mipira ikingayo pistoni. Kisha kila kitu kisuuzwe na kukaushwa.

Uvungu uliokauka waweza kupakwa rangi ya lami ya kuzuia kutu, lakini diski na kalipa zifunikwe kwanza. Atakaye kuipaka kalipa rangi atumie rangi istahimiliyo joto, na asiguse pistoni, mipira wala pedi. Magurudumu yakisharudishwa, dereva akanyage pedali ya breki mpaka iwe ngumu kabla gari halijaondoka, kisha aijaribu breki kwa mwendo wa polepole.

Penye hatari

Hebu sasa tufikirie sentensi hii ya mfasiri: "Baada ya kuosha, paka mafuta penye msuguano." Kwa sarufi haina kosa. Lakini msomaji atapaka mafuta gani, na wapi? Mahali penye msuguano mkubwa kupita pote ni kwenye diski na pedi, na hapo ndipo mafuta yasipotakiwa kabisa. Diski iliyopakwa mafuta haishiki, na anayeligundua jambo hilo katikati ya Lyamba lya Mfipa amechelewa. Maelekezo ya asili yalikusudia grisi maalumu kidogo, kwenye pini ambazo kalipa huteleza juu yake.

Hatari hiyo si ya kubuni. Afrika Mashariki wapo waoshao magari ambao hupuliza dizeli au oili iliyokwisha kutumika chini ya gari ili kuzuia kutu. Wao pia husema "kupuliza mafuta". Dizeli huharibu mipira, na ikifika kwenye pedi huipunguzia nguvu breki. Vivyo hivyo, "mafuta ya breki" ya magari mengi si mafuta hata kidogo. Ni kiowevu cha aina ya glikoli, kinachovuta unyevu na kuondoa rangi ya bodi. Mtu aliyesoma "ongeza mafuta" akatia oili ya injini katika chupa ya breki atavimbisha mipira yote ya mfumo huo.

Wahunzi wa Kifipa walilijua jambo hili kabla ya gari kufika. Waliyeyusha mawe ya chuma katika tanuri refu, ilungu, kisha wakakitakasa chuma katika tanuri dogo, kintengwe. Yote mawili ni matanuri, lakini kila moja lina kazi yake, na kwa hiyo lina jina lake. Nasi tufuate njia hiyo.

Istilahi zinazopendekezwa

Uvungu wa gurudumu: nafasi iliyo chini ya bodi ya gari, juu ya tairi.
Madigadi: bati au plastiki ya kuzuia matope yanayorushwa na tairi.
Kalipa ya breki: chuma kibebacho pistoni na pedi, chenye kuibana diski.
Pini ya kalipa: pini ambayo kalipa huteleza juu yake.
Kiowevu cha breki: kimiminika kipitishacho nguvu ya mguu hadi kwenye pistoni. "Mafuta ya breki" liachwe katika mazungumzo.
Petroli, dizeli, mafuta ya taa: vitu vya kuwasha, visitumiwe kusafishia breki.
Oili: mafuta ya kulainisha injini na gia.
Grisi ya breki: kilainisho kizito kistahimilicho joto, cha pini tu.

Mwalimu wa ufundi, mfasiri na mtumishi anayeandaa kanuni za usalama barabarani wanaombwa wasiliandike neno "mafuta" peke yake katika maelekezo ya gari. Kila linapotokea, waulize: mafuta gani, na wapi? Asipouliza mwandishi, atakayejibu ni mteremko.