Jua Jina la Babu Kabla ya Kwenda kwa Chifu

Mtu akifariki na kuacha mali, familia huhitaji barua ya chifu inayotaja warithi ili kuanza kesi ya mirathi. Hapo ndipo wakazi wengi wa Pwani hukwama. Shamba liko kwa jina la babu, lakini hakuna awezaye kueleza babu huyo alioa nani, alizaa nani, wala kwa nini jina lililo kwenye hati halifanani na lile la nyumbani. Kufuatilia historia ya ukoo, basi, si kazi ya wasomi peke yao.

Anza na wazee. Wahoji ukiwarekodi kwa simu, kwa idhini yao: majina yote, pamoja na ya utani, ukoo, wake, watoto na mahali pa makaburi. Miongoni mwa Wamijikenda, mjukuu hupewa jina la babu, hivyo Charo wa Kazungu na Kazungu wa Charo wanaweza kuwa baba na mwana. Andika kila jina pamoja na la baba yake.

Kisha tafuta maandishi. Sheria ya kusajili vizazi na vifo ilianza kutumika mwaka wa 1928, lakini usajili wa Waafrika ulipanuliwa hatua kwa hatua tangu 1963 hadi ukaenea nchi nzima mwaka wa 1971. Usivunjike moyo ukikosa cheti cha babu. Angalia haya:

• Sanduku la nyumbani: kipande cha ukoloni, risiti za kodi na barua za zamani.

• Afisi ya ardhi: madai ya viwanja na mashamba ya ukanda wa pwani yalianza kuandikishwa chini ya sheria ya mwaka wa 1908.

• Mahakama ya Kadhi: ndoa, talaka na mirathi za Waislamu.

• Makanisa: daftari za ubatizo na ndoa. Wazao wa watumwa walioachwa huru na kupewa makao Frere Town, kijiji kilichoanzishwa na wamishenari wa CMS katika miaka ya 1870, wajue kwamba nyaraka nyingi za shirika hilo zimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza.

• Hifadhi ya Kitaifa ya Nyaraka, Moi Avenue, Nairobi: ripoti na barua za wakuu wa wilaya na mikoa wa enzi ya ukoloni. Nyaraka za serikali kwa kawaida hufunguliwa kwa umma zikitimiza miaka 30. Nenda na kitambulisho, na uwe umejua wilaya na miaka unayotafuta.

Makarani wa zamani waliandika majina jinsi walivyoyasikia. Mwinyi anaweza kuwa Muinyi, na Saidi akawa Said. Tafuta kila namna, na usimkatae babu kwa sababu ya herufi moja.

Unapopata ushahidi, andika tarehe na mahali ulipoupata, kisha uombe nakala iliyoidhinishwa. Usikabidhi hati halisi kwa dalali anayeahidi kukutafutia. Zaidi ya yote, usingoje kesi. Daftari inaweza kukaa rafuni miaka mia moja, lakini mzee anayejua kaburi la nani liko chini ya mwembe gani hatakungoja.