Daftari la Kisima na Mlango wa Hazina

Kaskazini ya mji wa Dodoma, katika bonde la Makutupora, viko visima virefu ambavyo kwa miongo mingi vimekuwa vikiunywesha mji ule, na kando ya visima hivyo, tangu miaka ya 1950, maofisa wa maji, huyu akistaafu na yule akishika mahali pake, wamekuwa wakishusha kipimo, wakitazama maji yamesimama kina gani, kisha wakiandika tarakimu katika daftari. Haikuwa kazi ya fahari. Hapana shahada iliyotolewa kwa ajili yake, wala jina la aliyeandika tarakimu ya asubuhi fulani ya kiangazi halikutangazwa popote. Hata hivyo nathubutu kusema kwamba ni machache mno maandishi ya kitaaluma yaliyotoka nyanda za kati za Tanzania ambayo thamani yake yaipita ile ya daftari hilo. Na kwa sababu hiyo nimelichagua liwe mizani yetu katika suala linalovikabili vyuo vikuu vyetu kila siku, nalo ni hili: kazi gani yastahili kuingizwa katika hazina huria ya chuo, na ipi ibaki nje ya mlango?

Mwaka 2013 Richard Taylor wa University College London na wenzake, miongoni mwao mtaalamu wa maji Lister Kongola wa Tanzania, walichapisha katika jarida la Nature Climate Change uchunguzi uliojengwa juu ya vipimo vya Makutupora vya miaka 55. Vipimo viliwaonyesha kwamba maji yaliyo chini ya bonde lile hayajazwi kidogo kidogo kila msimu wa mvua, kama mtu angedhani, bali aghalabu hushuka mwaka baada ya mwaka, hata ukaja msimu mmoja wa mvua kubwa isiyo ya desturi ukayapandisha tena. Na msimu wa El Niño wa 1997 na 1998, peke yake, ulileta karibu sehemu moja katika tano ya maji yote yaliyoingia ardhini katika muda ule mzima. Mwaka 2021 kundi la watafiti, akiwamo Japheth Kashaigili wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, wakaonyesha jinsi maji hayo yanavyopenya kupitia vitanda vya mito ya msimu, pale mafuriko yanapopita juu ya mchanga. Kwa mji ambao mwaka 1973 uliamuliwa kuwa makao makuu ya nchi, ukaendelea kukua hadi leo, elimu hii si pambo. Na lau madaftari yale yangalitupwa kila baada ya miaka kumi, kama zinavyotupwa karatasi nyingi za ofisini, elimu hii isingalipatikana kwa fedha yoyote, kwani kipimo cha mwaka uliopita hakipimwi mwaka huu.

Sasa, hazina huria ni mahali katika intaneti ambapo chuo huweka kazi za wanazuoni wake ili kila mtu, awe mhadhiri wa Nairobi au mkulima wa zabibu wa Hombolo, apate kuzisoma na kuzinakili bila malipo. Wazo hilo lilipewa jina na Tamko la Budapest la mwaka 2002, na mwaka huohuo ikatolewa programu iitwayo DSpace, iliyotengenezwa na chuo cha MIT cha Marekani pamoja na kampuni ya Hewlett-Packard, ambayo vyuo vingi vya Afrika huitumia bure. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinayo hazina yake, na Sokoine kadhalika, na Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, kinayo pia. Mitambo, basi, ipo. Kilicho kigumu ni hukumu ya mkutubi aketiye mlangoni.

Juu ya tasnifu za uzamili na uzamivu hapana haja ya kusema mengi: zimekwisha tahiniwa, zimesahihishwa, na chuo kimeziwekea muhuri wake, kwa hiyo na ziingie. Makala za majarida zina tabu kidogo, kwa kuwa mwandishi aghalabu amekwisha kumkabidhi mchapishaji haki zake. Lakini wachapishaji wengi humruhusu kuweka mswada wake uliokubaliwa, ule usiopambwa kwa kurasa za jarida, baada ya muda uliowekwa kupita. Mkutubi hodari husoma mkataba kabla ya kupokea faili, maana haki hizo zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999.

Tuje sasa kwenye jambo ambalo nalihisi kuliko yote. Wako wanaoshikilia kwamba hazina isipokee ila kilichopita mikononi mwa jarida, kwa hoja kwamba jarida ndilo linalopima ubora. Nawaheshimu, lakini siafikiani nao. Siku hizi yapo majarida danganyifu mengi, yanayopokea ada ya mwandishi na kuchapa lolote lililoletwa, ilhali ripoti ya uchunguzi wa udongo, au orodha ya vipimo vya kisima, yaweza kukaa miaka hamsini ikiwa kweli bila jarida lolote kuitazama. Swali la kumwuliza mwenye kuleta kazi si kwamba imetukuzwa wapi. Ni kwamba je, atakayekuja baadaye ataihitaji ili kuhakiki neno lililosemwa, au kuliendeleza? Na je, imeelezwa vya kutosha, ajue nani alipima, kwa chombo gani, mahali gani, na lini? Tarakimu zisizo na maelezo hayo ni sawa na barua isiyo na anwani. Daftari la Makutupora, likiambatana na maelezo yake, lashinda katika mtihani huu. Makala ndefu isiyoonyesha vipimo vyake yashindwa.

Itasemwa kwamba madaftari ya visima ni mali ya serikali, wala si ya chuo. Ni kweli, na ndiyo maana idhini ya mwenye mali ni sharti, iandikwe na iwekwe pamoja na kazi yenyewe. Kadhalika yako ya kuzuiwa bila kusitasita: majina na magonjwa ya watu waliohojiwa, ambayo yanalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, kazi iliyoibwa kwa mwingine, na rasimu ambayo mwenyewe angali akiirekebisha. Mgonjwa aliyemfungulia mtafiti kinywa chake ameweka amana, na amana haifunguliwi kwa jina la uhuru wa elimu.

Wala lugha isisahauliwe. Huko Makutupora kiko kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo kinachoshughulikia zabibu, na wakulima wa zabibu wa Dodoma husoma Kiswahili. Mwongozo wa kilimo uliotungwa na mtafiti kwa Kiswahili safi, juu ya uchunguzi wa kweli, ni kazi ya kitaaluma kamili, na tasnifu iliyoandikwa kwa Kiingereza yafaa iwekewe ikisiri ya Kiswahili.

Nimebakiwa na jambo dogo, ambalo kwa mkutubi ni kubwa. Makala ile ya 2013 yaandika jina la mahali hapa kuwa Makutapora, na wenyeji husema Makutupora. Herufi moja tu, lakini mwanafunzi atafutaye kwa jina la kwao hataifikia. Basi anayepokea kazi na aandike majina yote mawili katika taarifa za utambulisho, na akimaliza alitaje bonde na wilaya, ili binti wa kijiji kile, akitafuta habari za kisima anachochotea maji mama yake, apate kuzikuta.