Breki Zinapolia

Juma lililopita nilipeleka gari langu kwa fundi mmoja wa jua kali huko Kamenu, mjini Thika, kwa sababu breki za nyuma zilikuwa zikilia. Nilidhani angeshika spana mara moja. La hasha! Aliniuliza kwanza, "Mwalimu, zinasema kwii au kwaru-kwaru?"

Nilipigwa na butwaa. Mimi hufundisha isimu, lakini tanakali za sauti nilizihesabu kuwa pambo la insha. Kumbe kwake ni kipimo! Kwii, alieleza, aghalabu ni vumbi ndani ya dramu, au viatu vya breki vilivyong'aa kwa joto. Kwaru-kwaru ni onyo: viatu vimelika, chuma kinasaga chuma, na gari laweza kukataa kusimama.

Yangu yalikuwa ya kwii. Alizuia magurudumu ya mbele kwa mawe, akainua gari, akafungua dramu. Vumbi alilipangusa kwa kitambaa kilicholowa wala hakulipuliza, kwani viatu vya kale huweza kuwa na asbesto, iletayo maradhi ya mapafu. Kisha alisugua viatu kwa msasa na kupaka grisi kidogo pale vinapoegemea bamba, mbali na uso unaosuguana na dramu. Hakuniuzia kipuri hata kimoja.

Walimu wenzangu, tunawakaririsha wanafunzi tanakali kwa ajili ya mtihani. Je, tumewafunza kusikiliza? Barabarani, kuzitambua sauti hizo mbili kwaweza kuokoa maisha.