Herufi B Iliyokosekana katika Chanjo ya Mahujaji

Kila anayekwenda Hijja hutakiwa kuonyesha cheti cha chanjo ya homa ya uti wa mgongo, na awe amechanjwa si chini ya siku 10 kabla ya kuwasili Saudi Arabia. Sharti la chanjo ya sasa liliwekwa mwaka 2002, baada ya ugonjwa huo kuzuka miongoni mwa mahujaji mwaka 2000 na 2001, na kufuatana nao hadi majumbani mwao katika nchi kadhaa. Chanjo hiyo hutambulishwa kwa herufi nne: A, C, W na Y. Ni majina ya makundi manne ya bakteria wa jamii moja. Mtoto anayejifunza alfabeti aweza kuuliza swali ambalo wazazi wake hawakulifikiria: je, B iko wapi?

B yupo, na huua. Barani Ulaya, kundi hilo ndilo lililokuwa likiwavizia zaidi watoto wachanga. Ugonjwa wenyewe hauna subira. Mtoto aliyeamka salama aweza kuwa mahututi kabla ya usiku kuisha. Hata kwa matibabu ya hospitali, takriban mgonjwa mmoja kati ya 10 hufariki, na miongoni mwa wanaopona wapo wanaobaki viziwi au kukatwa viungo.

Kuachwa kwa B kuna sababu yake. Chanjo ya makundi yale manne hutengenezwa kutokana na sukari inayomfunika bakteria kama joho. Sukari ya B inafanana na ile iliyo juu ya seli za neva za mwanadamu. Kinga ya mwili huiona kuwa ni ya nyumbani na kuipita. Na lau ingefunzwa kuipiga vita, pangekuwa na hofu ya mwili kujishambulia wenyewe. Mlango wa sukari ukawa umefungwa, na wataalamu wakageukia protini.

Protini zipi, basi? Mwaka 2000 ilichapishwa orodha kamili ya jeni za bakteria mmoja wa kundi B, nazo zilikuwa 2,158. Kila jeni ni maelekezo ya kuunda protini moja. Kuzijaribu zote mojamoja ni kazi ya umri mzima. Lakini kingamwili haziwezi kupenya ndani ya bakteria aliye hai. Hukutana na kile tu kilichopo juu ya ngozi yake. Mpita njia hukiona kiti kilichowekwa barazani, wala hajui kilichomo chumba cha ndani. Kwa hiyo swali la kwanza halikuwa protini fulani inafanya nini. Lilikuwa: inakaa wapi?

Bakteria wa jamii hii ana makazi matano ya protini: kiini chenye majimaji, utando wa ndani, uwazi ulio kati ya tando mbili, utando wa nje, na nje kabisa anakozitema. Protini zote huanza kuundwa ndani, kisha husafirishwa. Huijuaje njia? Günter Blobel alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1999 kwa kuonyesha kwamba protini hubeba anwani yake mwilini mwake. Kwa kuwa protini ni mkufu wa asidi amino za aina 20, mkufu huo waweza kuandikwa kwa herufi, na anwani ikasomwa na kompyuta.

Hapa ndipo penye utamu wa kazi hii. Protini nyingi za kusafirishwa huanza na kipande kifupi, cha herufi 20 hivi, ambacho sehemu yake ya kati huchukia maji. Kikishapita utando hukatwa na kuachwa. Protini yenye vipande virefu vinavyopenda mafuta aghalabu hujikita katika utando wa ndani. Zile za utando wa nje nyingi hujikunja kama pipa. Na pale dalili zinapokuwa hafifu, programu hutazama nasaba: protini hii yafanana na ipi ambayo makazi yake yamekwisha kuthibitishwa maabara?

Wajapani Kenta Nakai na Minoru Kanehisa walichapisha programu ya namna hii mwaka 1991. Mwaka 2003 watafiti wa Chuo Kikuu cha Simon Fraser, Kanada, wakatoa iliyoboreshwa, iitwayo PSORTb. Sifa yake ninayoipenda zaidi ni kwamba ushahidi usipotosha, hujibu kuwa haijui. Wanazuoni wetu hawakuliona haya jibu hilo, na laiti wengi wanaotuuzia dawa mitandaoni wangejifunza kulitoa.

Kwa upande wa B, timu ya Rino Rappuoli mjini Siena, Italia, ilitumia uchambuzi wa kompyuta kuchagua protini 570 zilizodhaniwa kukaa juu au kutolewa nje. Utabiri, hata hivyo, si uthibitisho. Protini 350 ndizo zilizowezekana kutengenezwa maabara na kudungwa panya, na 28 tu ndizo zilizozaa kingamwili zenye kuua bakteria. Mwishowe zikateuliwa tatu, zikaunganishwa na vipande vya utando wa bakteria wa aina iliyosumbua New Zealand.

Chanjo hiyo iliidhinishwa Ulaya Januari 2013. Septemba 2015 Uingereza iliiweka katika ratiba ya watoto wachanga, na baada ya miaka mitatu maradhi ya kundi B kwa watoto wa umri uliolengwa yalikuwa yamepungua kwa robo tatu. Mwaka 2023 Marekani iliidhinisha chanjo ya kwanza yenye A, B, C, W na Y katika sindano moja: sukari kwa yale makundi manne, protini kwa B.